Kinga Kabla ya Safari

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanaadamu mataifa na makabila, akawatandikia ardhi wapate kutembea juu yake na kuzitazama ishara zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad s.a.w., na jamaa zake na sahaba zake.

Kila mwaka huja miezi ya likizo, ambapo jamaa zetu waliotawanyika katika nchi za mbali hurejea kuwatazama wazee wao. Wengine hutoka London na Leicester, wengine Toronto, wengine Maskati na Dubai, nao hushukia Mombasa, Lamu, Unguja, Pemba, Tanga au Dar es Salaam. Wako na wa hapa hapa Afrika ya Mashariki, wakaao katika miji ya baridi kama Nairobi, ambao hungojea shule zifungwe wapate kuteremka pwani na watoto. Hapana shaka kuwa safari hizi ni njema. Kuunga jamaa ni katika mambo yaliyosisitizwa sana na dini yetu, na mtoto asiyemjua bibi yake amepungukiwa na kitu ambacho skuli yo yote haiwezi kumpa.

Basi miezi kadhaa kabla ya kuondoka, nyumba nzima huwa katika matayarisho. Hununuliwa zawadi, hushonwa nguo, masanduku hupimwa uzito mara tatu, na tikiti hutazamwa kila siku kama kwamba zitatoroka. Kila kitu hutayarishwa illa kimoja, nacho ni mwili wa msafiri mwenyewe. Ukimwuliza baba mwenye nyumba kama watoto wamechanjwa, au kama amechukua vidonge vya kukinga malaria, hucheka akasema: "Twaenda kwetu, bwana, hatuendi ugenini."

Jawabu hilo latosha kuiletea nyumba msiba. Katika makala haya twataka kuonyesha kuwa kinga ya msafiri ni sehemu ya kumtegemea Mungu, wala si kinyume chake. Na kwamba kinga hiyo, kabla ya kuwa faida ya msafiri, ni haki ya watu wengine iliyo juu ya shingo yake.

Kumtegemea Mungu si kuacha sababu

Wako wasemao, kila waambiwapo habari ya chanjo, kuwa Mungu yupo, na aliloliandika litakuwa. Maneno hayo ni kweli, lakini jengo walijengalo juu yake si kweli. Mbedui mmoja alimwuliza Mtume s.a.w. kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na amtegemee Mungu, au amfunge kisha ategemee. Akaamrishwa amfunge, kisha ategemee. Basi kamba ya ngamia haikutolewa nje ya tawakkul. Iliwekwa mbele yake, kama udhu uwekwavyo mbele ya sala.

Lililo wazi zaidi ni tukio la Sayyidna Umar bin Khattab r.a. alipokuwa akisafiri kwenda Sham katika siku za tauni ya Amwas, ambayo wanahistoria huitia karibu na mwaka 639. Alipofika mahali paitwapo Sargh, maamiri wake walimlaki, wakampa habari kuwa nchi iliyo mbele yake imeingiwa na tauni. Akawataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na mwisho akaamua kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah r.a. akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Sayyidna Umar akamjibu kuwa ndiyo, anatoka katika kadari ya Mungu akienda katika kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchungaji mwenye mabonde mawili, moja lenye majani na moja kavu, kuwa alishapo lo lote katika hayo hulisha kwa kadari ya Mungu. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf r.a., akasimulia aliyoyasikia kwa Mtume s.a.w.: kuwa mtu asiingie katika nchi iliyo na tauni, na ikizuka katika nchi aliyomo, asitoke kwa kuikimbia.

Na tuizingatie amri hiyo, kwani ina pande mbili. Upande wa kwanza wamlinda msafiri asiingie katika maradhi. Upande wa pili wawalinda watu wengine asije akawapelekea. Watu wengi wa zama zetu huukumbuka upande wa kwanza peke yake, tena kwa shida. Lakini msafiri ni mtu aliyesimama mlangoni baina ya nyumba mbili, na alichukuacho mkononi, kheri au shari, hukitia katika nyumba aingiayo.

Chanjo si kitu kigeni kwetu

Vile vile wako wadhanio kuwa chanjo ni jambo la Wazungu lililoletwa kwetu kwa hila. Historia yasema vingine. Tabibu mkubwa wa Kiislamu, Abu Bakr Razi, ndiye aliyeandika, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, kitabu mashuhuri cha kupambanua baina ya ndui na surua, nacho kilisomwa na matabibu wa Ulaya kwa karne nyingi. Na mwaka 1717, mke wa balozi wa Kiingereza katika dola ya Waturuki, Lady Mary Wortley Montagu, aliwaandikia jamaa zake kuwaeleza jinsi alivyowaona wanawake wazee wa huko wakiwachanja watoto kwa usaha wa ndui uliotiwa kidogo tu katika ngozi, nao wakaugua ugonjwa hafifu na wasirudiwe tena. Mwaka uliofuata alimchanja mwanawe huko huko Stambuli. Zilipita karibu miaka 80 ndipo Edward Jenner wa Uingereza, mwaka 1796, alipopata njia iliyo salama zaidi, ya kuchanja kwa ndui ya ng'ombe.

Na ukitaka kujua mwisho wa ndui ulikuwa wapi, hatuna haja ya kwenda mbali. Mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida ya kuambukizwa alikuwa Muislamu wa mwambao, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Marka, Somalia. Mwezi wa Oktoba mwaka 1977 gari ilipita hospitalini ikiwa imechukua watoto wawili wagonjwa wa ndui, na dereva hakuijua njia ya kwenda mahali pa kuwatenga. Maalin, kijana wa miaka 23, akapanda kumwonyesha. Safari hiyo ilikuwa ya dakika chache tu, nayo ikamtosha. Baadaye alieleza kuwa hakuwa amechanjwa kwa sababu aliiogopa sindano, akidhani kuwa itamwumiza.

Mungu alimponya, na mwaka 1980 Shirika la Afya la Dunia likatangaza kuwa ndui imekwisha ulimwenguni. Hati ya chanjo ya ndui, iliyokuwa ikidaiwa zamani katika bandari na bandari, leo haidaiwi popote. Lakini Maalin hakuyasahau yaliyompata. Katika utu uzima wake aliingia katika kazi ya kuwahimiza wazazi wa Kisomali wawape watoto matone ya kinga ya polio, akiwasimulia habari yake mwenyewe ili wasiogope kama alivyoogopa yeye. Alifariki mwezi wa Julai mwaka 2013, akiwa katika kazi hiyo, kwa malaria. Mungu amrehemu. Katika maisha ya mtu huyu mmoja mna mafundisho yote tuyatakayo: kuwa safari fupi yaweza kuchukua ugonjwa mkubwa, kuwa woga wa sindano ni mdogo kuliko ugonjwa, na kuwa malaria haimwachi mtu kwa sababu ni mwenyeji.

Mtoto wa kwetu asiye na kinga ya kwetu

Hapa ndipo penye kosa kubwa la jamaa zetu wakaao ng'ambo. Mtu aliyezaliwa na kukulia katika nchi ya malaria, akaugua mara kwa mara utotoni, mwili wake hupata kuzoea kiasi fulani, hata akiumwa na mbu mwenye vijidudu huenda asizidiwe. Lakini kinga hiyo si ya urithi, wala si ya maisha. Haimo katika damu ya ukoo, na mtu akihama hupungua upesi, hata baada ya miaka michache asibaki na cha kutegemea. Na mtoto aliyezaliwa London hana kabisa, hata kama babu zake wote wamezikwa Lamu. Mbu hasomi shajara ya nasaba.

Huko Uingereza, katika wagonjwa wa malaria wanaoandikwa kila mwaka, walio wengi ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwatazama jamaa zao. Mtalii mgeni huogopa, akameza vidonge vyake na kulala ndani ya chandarua. Mwenyeji wa zamani hujiamini, akalala barazani. Kisha hurudi na homa, akadhani ni mafua ya safari, na daktari wa kule huenda asifikiri malaria mpaka siku zimepita. Malaria ya aina ipatikanayo zaidi kwetu, iitwayo falsiparamu, yaweza kumwua mtoto katika muda wa siku chache.

Basi yampasa mzazi amwendee tabibu, aeleze waendako na umri wa kila mtoto, naye atawaandikia vidonge vinavyowafaa. Viko vinavyoanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, na viko vinavyotaka wiki mbili au tatu. Vyote hutaka viendelezwe baada ya kurudi, vingine kwa wiki moja na vingine kwa wiki nne, na anayeviacha siku ya kushuka ndege ni kama aliyejenga ukuta akaacha mlango wazi. Vidonge hivyo vinunuliwe kwa mwuza dawa anayeaminika kabla ya kuondoka, wala visitafutwe njiani. Mama mwenye mimba asisafiri kwenda penye malaria bila ya kuzungumza kwanza na daktari wake, kwani malaria ni hatari kubwa kwake na kwa aliye tumboni.

Wengine wamesikia kuwa sasa iko chanjo ya malaria. Ni kweli, Shirika la Afya la Dunia lilipendekeza moja mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023. Lakini chanjo hizo zimewekwa kwa watoto wadogo wakaao katika nchi za malaria, wala si kwa wageni wa mwezi mmoja. Msafiri asiache vidonge na chandarua kwa kuzitegemea hizo.

Sindano zipi, na kwa wakati gani

Jambo la kwanza ni wakati. Aendaye kwa tabibu siku tatu kabla ya safari amekwenda, lakini amechelewa. Wiki nne mpaka sita kabla ya kuondoka ndio muda mwema, kwani chanjo nyingine hurudiwa mara mbili, na nyingine hutaka siku kadhaa kabla ya kuanza kufanya kazi.

Kwanza zitazamwe chanjo za kawaida za watoto: surua, pepopunda, dondakoo, kifaduro na polio. Watu huzisahau kwa kuwa si za safari, na hali surua hupenda sana nyumba iliyojaa wageni na watoto wanaolala kitanda kimoja. Mtu mzima naye aulize kama chanjo yake ya pepopunda imekwisha muda.

Pili, homa ya manjano. Ugonjwa huu huchukuliwa na mbu wa mchana, na kinga yake ni sindano moja ambayo, tangu mwaka 2016, hati yake ya kimataifa hukubaliwa kwa umri wote wa mtu. Hati hiyo, tuiitayo kadi ya njano, huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hivyo aliyechanjwa juzi huenda akarudishwa kiwanjani. Kenya na Uganda zimo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa hiyo. Tanzania, pamoja na Zanzibar, huidai hati kwa atokaye katika nchi za namna hiyo, hata kwa aliyepita tu akangojea ndege katika kiwanja chake zaidi ya saa 12. Kwa kuwa kanuni hubadilika, msafiri na aulize ubalozi kabla ya kununua tikiti. Chanjo hii ina vijidudu vilivyo hai lakini vimedhoofishwa. Kwa hivyo haipewi kwa kawaida mtoto aliye chini ya miezi tisa, na mwenye mimba, mwenye mwili dhaifu kwa maradhi, na aliyepita miaka 60 akichanjwa kwa mara ya kwanza, hawa wote wazungumze na daktari kwanza.

Asidhani mtu kuwa hati hiyo ni usumbufu wa makarani tu. Mwaka 2016 homa ya manjano ilipozuka Angola, wasafiri waliichukua mpaka Kenya na mpaka Uchina, na mwaka 2022 ilizuka Kenya yenyewe, katika wilaya za Isiolo na jirani zake.

Tatu, maradhi yaingiayo kwa chakula na maji: homa ya matumbo, na homa ya ini ya aina ya A. Hii ya pili ina siri yake. Watoto wa kwetu huipata wakiwa wadogo, ikapita bila ya kutambuliwa. Aliyekulia katika nchi ya maji safi huipata akiwa mkubwa, ikamlaza wiki nyingi. Yote mawili yana chanjo. Nne, kichaa cha mbwa. Wakaao muda mrefu mashambani, hasa watoto, wamwulize daktari kama wachanjwe kabla.

Tano, kwa waunganishao likizo na Umra, au wanaokwenda Hija: homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa huu ulizuka katika Hija ya mwaka 1987, kisha kwa sura nyingine mwaka 2000 na 2001. Mahujaji waliporudi makwao mwaka 2000, waliougua hawakuwa mahujaji peke yao, bali na watu wa nyumbani waliokuja kuwalaki. Fikiri, msomaji, mtu aliyerudi na maji ya Zamzam mkononi na mauti ya mjukuu wake katika pumzi yake! Tangu hapo serikali ya Saudi Arabia huwataka mahujaji chanjo ya aina nne za vijidudu hivyo, ipigwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Na mwaka 2024 wagonjwa wengine waliotoka katika Umra walionekana Ufaransa, Uingereza na Marekani, hata ikadhihiri kuwa agizo hilo halikuwa la bure.

Mashaka ya dini

Wazazi wengine huuliza kuhusu vitu vitiwavyo katika chanjo, hasa gelatini itokanayo na nguruwe. Swali lao ni la heshima, nasi hatuwalaumu. Kwanza, si kila chanjo ina kitu hicho. Nyingi hazina, na daktari anaweza kuulizwa iko ipi isiyokuwa nacho. Pili, wanazuoni na matabibu waliokutana Kuwait mwaka 1995 waliitazama mas'ala hii, wakaona kuwa kitu najisi kikigeuka dhati yake kikawa kitu kingine, hukumu yake hugeuka pia, kama pombe inavyogeuka siki. Na tatu, kanuni ya sheria yajulikana, kuwa dharura huhalalisha kilichokatazwa kwa kadiri ya haja. Mwenye shaka amwulize sheikh wake na daktari wake pamoja, asiulize mmoja akamwacha mwingine.

Wengine huuliza kama sindano hufunguza saumu. Jopo la fikihi la kimataifa lenye makao Jeddah, katika kikao chake cha mwaka 1997, liliamua kuwa sindano za dawa zisizo za kulisha mwili hazifunguzi. Basi mwezi wa Ramadhani si sababu ya kuahirisha chanjo.

Mwenendo wa huko safarini

Chanjo ni kinga moja, na mwenendo ni kinga ya pili. Mbu wa malaria huuma usiku, tangu magharibi mpaka alfajiri. Kwa hivyo watoto wavikwe mikono mirefu jua likichwa, wapakwe dawa ya kufukuza mbu, na walale ndani ya chandarua chenye dawa, kilichochomekwa chini ya godoro. Mbu wa homa ya manjano na wa kidingapopo, ambayo wataalamu huiita dengi, huuma mchana, naye huzaa katika maji yaliyotuama: kifuu, kopo, mpira wa gari, hata birika la udhu lisilomwagwa. Kidingapopo ilienea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, wala dawa ya malaria haiiponyi. Mwenye homa ambayo haijajulikana asimeze asprini, kwani katika ugonjwa huo huzidisha kutoka damu, aende akapimwe.

Maji ya kunywa yachemshwe, au yawe ya chupa iliyofungwa. Chakula kiliwe cha moto, matunda yamenywe na mlaji mwenyewe. Mikono ioshwe kwa sabuni, na sisi twaoshao mara tano kwa siku hatuna udhuru wa kusahau mara ya sita mbele ya sahani. Mtoto akiharisha, hatari yake kubwa ni kukaukiwa. Chumvi za pakiti zinazouzwa madukani ndizo bora. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari vilivyopigwa sawa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, koroga, umnyweshe kidogo kidogo huku ukimpeleka kwa daktari. Asizidishe mtu chumvi kwa kudhani kuwa dawa nyingi ni bora.

Watoto wasiachwe kuoga katika madimbwi, vijito na ukingo wa ziwa, kwani humo mna kichocho, bahari haina. Akiumwa mtu na mbwa, paka au kima, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mnyama ameonekana mzima. Kichaa cha mbwa kikishadhihirika, waponao ni wachache mno wa kusimuliwa. Na mwenye kisukari au presha achukue dawa zake za siku zote katika mkoba wa mkononi, wala si katika sanduku, pamoja na barua ya daktari.

Baada ya kurudi

Safari haikwishi mtu anapofungua mlango wa nyumba yake. Malaria hukaa mwilini siku saba au zaidi kabla ya kudhihiri, na huenda ikangoja miezi. Kwa hivyo ye yote apatwaye na homa baada ya kurudi, hata mwaka haujatimia, na aende kwa daktari siku hiyo hiyo na amwambie kwa kinywa chake: "Nilikuwa katika nchi ya malaria, nataka kupimwa damu." Neno hilo moja limeokoa watu wengi.

Na hapa twarejea kwenye ule upande wa pili wa amri ya Mtume s.a.w. Zanzibar, kwa jitihada ya miaka mingi ya vyandarua, kupuliza dawa na kupima damu, ilipunguza malaria hata, baada ya mwaka 2008, uchunguzi ulikuta aliye na vijidudu chini ya mtu mmoja katika kila 100. Lakini wataalamu wa huko wameona kuwa sehemu kubwa ya wagonjwa wanaobaki ni watu waliotoka safarini bara. Maana yake ni kuwa kazi ya kisiwa kizima yaweza kubomolewa na msafiri mmoja aliyeona haya kupimwa. Vivyo hivyo, mtoto asiyechanjwa surua anayetoka ng'ambo aweza kuitia katika nyumba ya jamaa zake, mwenye kitoto cha miezi mitatu akailipa gharama ya zawadi ambayo hakuiomba.

Wajibu wa wenyeji na wa vijana

Wenyeji nao wana sehemu yao. Mgeni akiandika kuwa anakuja, ajibiwe kwa furaha, kisha aulizwe: je, mmechanjwa? mmechukua vidonge? Na afikapo, asichekwe akisema maji yachemshwe. Twawajua mabibi waonao kuwa mjukuu akataaye maji ya mtungi amewadharau. Hasha! Heshima ya mgeni ni kumrudisha kwao mzima. Vyandarua vitengwe, maji yaliyotuama uani yamwagwe, na mgeni akipata homa asitiwe dawa za kubahatisha, apelekwe akapimwe.

Nanyi vijana, mnaosoma kwa wepesi kanuni za nchi na karatasi za hospitali, hii ni khidma yenu. Wazazi wenu waliwabeba wakawapeleka kliniki mlipokuwa hamjui kusema. Leo chukueni daftari, muandike jina la kila mtu wa nyumbani, chanjo aliyoipata, tarehe yake, na iliyobaki. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na thawabu yake, In shaa Allah, ni ya siku nyingi, kwani mwenye kuhuisha nafsi moja amesifiwa katika Kitabu kama aliyewahuisha watu wote.

Mwenyezi Mungu awape wasafiri wetu kwenda kwa salama na kurudi kwa salama, awalinde watoto wao na maradhi, na atujaalie sote kuwa katika wale wafungao ngamia wao, kisha wakamtegemea Yeye. Amin.